Kamba za Phikun

Phikun, muuza vyungu wa Bangkok, aliishi kwenye nyumba ya mianzi iliyoelea mtoni. Mvua za mwaka 1831 zilipofurisha mto, jirani yake Bunma, aliyehamia majuzi kutoka nchi kavu, alikaza kamba zilizofunga nyumba yake inayoelea kwenye nguzo.

"Legeza, dada!" Phikun akamwita. "Nyumba isipopanda na maji, itazama."

"Nilegeze nikaamkie baharini? Nenda wewe!"

Phikun alishinda mvuani akilegeza zake kidogo kidogo, viganja vikichubuka, maana angeziachia kwa pupa, mkondo ungemvunjia vyungu vyote. Jioni sakafu ya Bunma ikaanza kuzama upande mmoja. Phikun akarukia kwa Bunma na panga, akakata kamba mbili zilizoivuta chini. Nyumba ikainuka.

Kesho yake mimi, mteja wake wa siku nyingi, nilikwenda kwa Phikun kununua chungu, nikaomba anipunguzie bei.

"Jana nililowa kutwa nzima kwa ajili ya vyungu hivi," akasema. "Bei ileile."

Nikalipa.