Pale ale niliyoipika Usagara: nilivyogeuka muuaji mbele ya wazee

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa, na sijaongeza chumvi hata punje. Mwenye kudhani ni chai apite tu, hatutagombana.

Iko hivi.

Asubuhi moja nilitoka Nyakato bila mpango wowote. Kibarua cha kiwandani kilikuwa kimeisha, funguo za chumba nimerudisha, begi mgongoni, sijui naenda wapi. Mimi ndivyo nilivyo. Shule niliacha mapema, lakini nikikiona kitu lazima nijue kinatengenezwaje. Nimejifunza kuchomelea, nimekausha dagaa pale Mwaloni Kirumba, nimefufua betri za pikipiki zilizotupwa. Miezi ya karibuni kilichonishika ni pale ale.

Kwa wasioijua, ni bia ya rangi ya asali. Inatiwa maua makavu yanaitwa hops, ndiyo yanayoleta uchungu na harufu kama ya ganda la chungwa. Wenzetu wa nje wanaipika jikoni kwao, kwenye ndoo. Nilikuwa nimeangalia video zao mpaka naota povu.

Kabla ya kutoka mjini nilipita kwa mzee Kanji. Huyu ni mfanyabiashara wa Kihindi, ana duka la vyombo vya jikoni, na nilimsumbua muda mrefu aniagizie kit ya kupikia bia hiyo. Recipe ya kuanzia na nafaka niliiacha, maana shayiri iliyooteshwa huku kwetu kuipata ni shughuli. Kit inakurahisishia: kopo la kimea kilichochemshwa kikawa kizito, hamira yake, na pakiti ya hops.

Akaniwekea mbili mezani. Moja nyepesi, nyingine ina hops mara mbili.

"Atakunywa nani?" akaniuliza.

"Watu, mzee."

"Watu gani? Mtu hajazoea uchungu, wewe chukua hii nyepesi. Hii nyingine mpaka ulimi usome kwanza."

Nikachukua kali. Nilijiambia kujifunza kitu nusu nusu ni kupoteza muda.

Nikapata lifti kwenye lori la pumba, likanishusha Usagara pale njia zinapogawanyika. Nikaulizia chumba, nikaelekezwa kwa Mama Kabula. Ana kilabu cha pombe ya kienyeji, na nyuma yake vyumba viwili vya kupangisha. Wateja wanamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nami nikamwita hivyo hivyo.

Nilipomwambia nataka kupika bia yangu uani kwake, akaacha kukoroga chungu.

"Sikiliza. Hapa mpikaji ni mimi. Sina shamba, sina ng'ombe, nina hiki kilabu tu, na ndicho kilichosomesha wanangu. Ukiwadhuru wateja, hakuna atakayesema mgeni kapika. Watasema Mama Kabula kapika."

Nikamwapia kwamba haitatokea.

Nikachemsha kimea kwenye sufuria lake, nikatia hops, nikapoza, nikamimina kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na hamira. Akauliza inaiva lini, maana pombe yake huiva kwa siku chache. Nikamwambia kama wiki mbili, halafu inakaa tena kwenye chupa.

"Wiki mbili na zaidi?" akacheka mpaka akashika nguzo. "Hiyo ni pombe au mimba?"

Muda wote huo nilikuwa namwangalia anavyofanya kazi. Kila akitoa chungu kwa wateja, anachota kidogo kwenye kata, anakunywa mbele yao, ndipo anawagawia. Nikajua anapima utamu.

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipokwama.

Wiki zikapita, bia nikaijaza kwenye chupa, ikakaa hadi ikawa tayari. Ikafika Jumapili mchana. Wateja wamejaa, na Mzee Masanja yupo. Huyu ni mfugaji, mzee wa heshima zake. Akikaa ndipo wengine wanakaa, akihamia kilabu kingine nusu ya watu wanamfuata. Nikaona leo ndiyo leo.

Sasa pale ale ya nyumbani huacha machicha ya hamira chini ya chupa. Nikaona aibu kuwapa wazee kitu chenye tope. Nikafungulia chupa chumbani kwangu, nikamimina taratibu kwenye jagi, nikatoka nalo likimeremeta.

Ninyi watu wa baa mnajua bia inafunguliwa mbele ya macho yako. Ikija imefunguliwa unairudisha. Hata mimi huwa nairudisha! Siku hiyo sikukumbuka kabisa.

Nikapiga goti, nikampa Mzee Masanja kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba." Akakishika, lakini hanywi. Ananitazama tu. "Na wewe?"

"Hapana mzee, tangulia wewe. Mimi nitakunywa mwisho."

Wakuu, nilidhani natoa heshima. Nilivyolelewa, mkubwa ndiye anayeanza.

Watu wakaweka vikombe chini. Mzee, nadhani kwa kunionea haya, akapiga funda moja kubwa.

Akatema lote. Kikombe kikaanguka. Akashika koo.

"Kichungu! Kijana, umenipa nini?"

Sijawahi kuona watu wakibadilika vile. Waliokuwa wananitania asubuhi sasa wamenikamata shati, mmoja amenikunja mkono mgongoni.

"Leteni maziwa! Mpeni mzee maziwa!"

"Amefungulia ndani, mimi nimemwona!"

"Hakutoa sumu! Si mmesikia? Eti atakunywa mwisho!"

Ndipo akili ikanifunguka. Kutoa sumu ndiyo ile kata ya Mama Kabula. Mpikaji anakunywa kwanza mbele ya watu ili wajue hakuna kitu. Nimeiona kila siku tangu nifike, nikadhani anapima utamu!

Nikapiga kelele kwamba ule uchungu ni wa maua tu.

"Maua gani?" akauliza aliyenishika. Neno hilo likaharibu kabisa, wakaona ni mitishamba ya sumu. Nikaomba nipewe jagi ninywe, wakakataa. "Asiliguse, atamwaga!"

Mama Kabula alikuwa jikoni. Akatoka mikono ina unga, akamwona Mzee Masanja anapewa maziwa, akaniona nilivyokunjwa. Mtu mmoja akamwambia, "Mayu, umetufugia muuaji humu."

Hakuniuliza kitu. Alilichukua lile jagi.

"Mayu, usinywe!"

Akanywa. Amesimama katikati ya uwanja, jagi kwa mikono miwili, mpaka povu likamshuka kidevuni. Akalipindua ili wote waone liko tupu.

"Chungu kama mwarobaini," akasema. "Lakini ni pombe. Kama kuna wa kufa hapa, nimeshatangulia."

Kisha akaenda kukaa benchi moja na Mzee Masanja, akatulia.

Tukamtazama wote kama sufuria ya maziwa motoni.

Baada ya muda mrefu Mzee Masanja akapiga mbweu, akajifuta midomo.

"Mama Kabula, ile yako ya kawaida ipo?"

Kilabu kizima kikacheka. Wakaniachia. Lakini hakuna aliyenitazama usoni tena.

Kesho yake asubuhi nilifunga begi. Mama Kabula akanisindikiza hadi barabarani.

"Sikufukuzi, mwanangu. Ila ukibaki, kila mteja ataniuliza leo kapika nani."

Nikapanda gari la kwanza lililosimama, nikashukia Magu kwa sababu tu palinivutia. Nimepata chumba gesti moja nyuma ya soko, kitanda, neti na ndoo ya maji. Sijamaliza hata kuvua viatu, simu ikaita. Ni yeye, anauliza kama nimepata pa kulala.

Nikamuuliza lile nililoshindwa kumuuliza barabarani.

"Mayu, ulijuaje kwamba haina kitu?"

Nikasikia akifunika chungu.

"Sikujua. Wewe nimekuona juzi tu, hata jina la baba yako silijui. Ila kilabu ni changu. Haya, oga, ule."

Akakata.

Wakuu, mkichagua kit ya pale ale msianze na hops. Anzeni na atakayekunywa. Na funda la kwanza lipite kooni kwako, watu wakiona.

Mimi nimekaa hapa kitandani tangu simu ikatwe. Kuna mtu amekunywa jagi zima akiwa hajui kama atainuka, na lile jagi nililimimina mimi. Wenyeji wa Usukumani, na yeyote mwenye busara humu, hebu niambieni: mtu kama huyo anashukuriwaje? Nasoma kila mtakaloandika.