Nyumba Niliyojenga na Papa Kwenye Kompyuta

Mwaka ule papa, baba yangu, alipopooza upande wa kuume, nilikuwa nikirudi kutoka kazini saa kumi, miguu imevimba, na kitu pekee nilichokitaka ni kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita. Nilikuwa karani kwenye depo, ghala la bidhaa, ya mama mmoja kutoka Kivu Kaskazini, ambaye malori yake yalipeleka unga, sabuni na mafuta Kasomeno, mengine mpaka Kasenga. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na karatasi mkononi, kuandika kila gunia na kila katoni inayopanda lori. Nikifika nyumbani, mtaani kwetu Bel-Air, jirani yetu, mama mzee aliyekuwa akikaa na papa mchana, aliinuka, akaniambia kama amekula au amekataa, akaenda zake. Hapo zamu yangu ya pili ilianza.

Papa alikuwa seremala wa mapaa. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa, na tangu ujana wake alipandisha mapaa, mengi yao Ruashi, kule watu wanakojijengea wenyewe kidogo kidogo, kuta mwaka huu, paa Mungu akipenda. Alianguka bombani asubuhi moja akiosha uso. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho, alikuwa ameenda Kolwezi kuchomelea vyuma kwenye mgodi. Mimi nilikuwa nimeachana na mume, sina mtoto, na siku familia ilipokaa kuzungumza nani atamtunza mzee, macho yote yalikuwa yamekwisha nigeukia kabla mtu hajafungua kinywa. Nikarudi nyumbani na masanduku mawili.

Mdogo wangu aliacha kompyuta yake sebuleni, kwenye meza kando ya dirisha, kwa sababu kule Kolwezi walilala watu wanne chumba kimoja. Ndani yake kulikuwa na mchezo aliokuwa akiupenda. Alinielekeza kwa simu namna ya kuufungua. Akasema, akiniita yaya, dada mkubwa: "Cheza, yaya. Itakupumuzisha." Nilidhani ananidharau. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Ni mchezo wa Waviking, wale watu wa zamani wa nchi za baridi. Unaangushwa mbugani bila kitu, umevaa matambara, na kazi yako ni kuishi. Unaokota mawe na vijiti, unatengeneza shoka, unakata miti, unawinda, unajenga nyumba. Mbele zaidi kuna majitu na mizimu ya kupigana nayo, lakini mimi sikwenda mbele. Nilipenda kutembea tu. Upepo unavuma kwenye majani, swala wanakimbia, na katika nchi yote ile kubwa hakuna mtu anayeuliza maji ya kuoga yako wapi.

Basi nikawa nacheza jioni, umeme ukiwepo, wakati maji ya bukari, ugali wetu, yanachemka kwenye babula, jiko la makaa, uani. Kwanza nilimwosha papa, nikambadilisha shuka, nikamkalisha kwenye kiti chake cha mikono karibu na meza, nikamwekea mpira mdogo kwenye mkono wa kuume ili aufinye kama walivyotuagiza hospitali. Mpira ulianguka. Nikauokota. Ukaanguka tena. Kuna siku nilifikiri anauangusha kwa makusudi, nikauacha chini.

Siku zile hakuwa akisema karibu chochote. Sauti ilikuwepo, ila maneno yalimtoka mazito na yaliyopinda, na alikuwa mtu wa fahari, hakutaka kusikika hivyo. Akiwa na haja aligonga kiti kwa mkono wa kushoto. Tuliishi hivyo wiki nyingi, yeye na kugonga, mimi na kuinuka.

Kibanda changu cha kwanza kwenye mchezo kilikuwa aibu. Kuta nne, paa la majani, mlango. Niliwasha moto katikati, nikafunga mlango, na mtu wangu akaanza kukohoa. Sikuelewa. Nilimwangalia anakohoa na uhai wake unapungua, nikawa nafungua vitu ovyo kutafuta dawa. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Moshi itatokea wapi?"

Niligeuka. Papa alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, siyo mimi. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili tangu arudi kutoka hospitali, na aliisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwasemea vibarua wake. Nikavunja kipande cha paa. Moshi ukapanda, ukatoka, mtu wangu akaacha kukohoa. Papa akaguna, akafumba macho.

Tangu siku ile hakunyamaza tena. Nilikuwa nimesahau alivyo mtu wa kushika mambo kwa undani. Alitaka kujua mbao zile zina urefu gani, kama kuna nguzo nene zaidi, kama mtu anaweza kulaza boriti juu ya jiwe. Kibanda changu alikiita banda la mbuzi, akanifanya nikibomoe. Tukachagua mahali pengine, kwenye kilima kidogo karibu na maji, kwa sababu alisema pale chini mvua itaingia. Nilimwambia kwenye mchezo mvua haiingii. Tukajenga kilimani.

Mchezo wenyewe una namna ya kukuonyesha nguvu ya mti: ukisimama ardhini unaonekana wa buluu, ukipanda juu rangi inageuka, na ukifika wekundu, kipande kinachofuata kitaanguka. Papa hakuamini rangi. Alitazama tu, akasema, kwa taratibu ile ya ulimi wake mzito, "Mama, ile mbao haiko na kitu ya kuilalia." Mimi nina jina la mama yake mzazi, ndiyo maana tangu utotoni ananiita mama. Mara nyingi alikuwa sahihi, mbao ikaanguka. Mara nyingine mbao ilibaki inaning'inia hewani, na hapo alikasirika kuliko ilipoanguka. "Mwenye alitengeneza hii kintu," alisema, "hajapanda hata siku moja ku paa."

Nyumba ikawa ndefu, yenye paa refu la mteremko mkali na nguzo mbili mbili katikati. Jirani alianza kuniambia kwamba mchana mzee anauliza saa. Alikuwa akiningoja. Ningefurahi, na kwa sehemu nilifurahi. Lakini niseme ukweli: kile kitu kimoja kilichokuwa changu peke yangu, ile saa moja ya upepo na swala, kiligeuka kazi nyingine. Nilitoka depo ambako nilielekezwa, nikaja nyumbani nikaelekezwa. Weka hapa. Ondoa. Rudia. Nilikuwa nakata miti ambayo haipo, kwa vidole vinavyouma kweli.

Halafu ikaja Jumapili moja ya msimu wa mvua. Nilikuwa nimetoka kanisani, nimefua mashuka, nimepika, nimemlisha. Papa alitaka tukate mti mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu tulihitaji magogo ya kumalizia upande wa pili. Akaniambia nizunguke, nisimame upande wa nyumba, ili mti uangukie mbali nami, upande wa maji. Nilimsikia. Lakini kuzunguka kulikuwa hatua kumi zaidi, na mimi nilikuwa nimesimama tayari. Nikapiga shoka pale pale nilipokuwa.

Mti ukaenda taratibu, halafu kwa kasi. Uliangukia paa katikati. Nguzo zikapasuka, paa likafuata, kipande baada ya kipande, na vumbi lilipotulia tuliona meza na kitanda cha ndani vikinyeshewa. Kazi ya majuma matano, kama siyo sita.

Papa alipiga mkono wa kiti. Maneno yalimkwama kwanza, kisha yakaja.

"Nilikuambia. Unatumika sawa mutu mwenye anatafuta kurudi kwao."

Kutumika kwetu ni kufanya kazi, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiwafukuza vibarua wavivu. Nililijua neno lile tangu mdogo. Nikaweka mikono yangu mapajani.

"Njo vile, papa," nikakubali. "Minachoka."

Akaanza kusema kitu juu ya mti, nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilimwambia nimechoka na mti, nimechoka na mashuka, nimechoka na kusikia kiti kinagongwa hata nikiwa depo ambako hakuna kiti. Nilimwambia kwamba nilirudi hapa bila mtu kuniuliza. Sikupiga kelele. Nilisema yote kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma orodha ya magunia, na nilipomaliza nikatoka uani, nikasimama kando ya babula iliyozimika. Mvua ilikuwa nyepesi. Sikulia. Hata kulia kunataka nguvu.

Niliporudi ndani, alikuwa bado anatazama nyumba iliyovunjika. Nilikaa. Akachukua muda mrefu kupanga kinywa chake.

"Mi pia nilichokaka, mama," akasema. "Sikusemaka."

Akanieleza, kwa vipande, kwamba kuna nyumba Ruashi ambayo aliipandisha paa akiwa amelala nusu, mwaka ambao sisi tulikuwa wadogo na mama anaumwa. Alifunga kenchi vibaya. Alilijua kosa lake siku ile ile, akashuka, akaenda nyumbani. Paa lilikaa, kwa bahati. Lakini kila upepo mkali ukivuma alikuwa akiamka na kukaa kitandani, miaka yote ile, na sisi tukidhani anaogopa radi.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea chumba changu. "Enda ulale."

Nililala mchana. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimelala mchana. Nilipoamka jua lilikuwa limekwisha geukia upande wa pili wa ua, na nyumba ilikuwa kimya. Papa alikuwa kwenye kiti, wima, macho wazi. Chini ya kiti kulikuwa na maji, na suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alikuwa amekaa hivyo, sijui saa ngapi, bila kugonga.

Nilimwosha. Yeye aliangalia ukuta, mimi niliangalia sabuni.

Kesho yake nikiwa depo nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia siwezi tena peke yangu, na kwamba simwombi, namwarifu. Akasema hakujua. Nikamwambia hakuuliza. Tangu hapo akawa anakuja kila akipata mapumziko yake, siku nne au tano kila mwezi, na siku hizo mimi naenda kulala kwa rafiki yangu, sijibu simu. Mara ya kwanza niliporudi nilikuta wamejenga paa upya, wawili wao. Papa alikuwa ameshika kipanya kwa mkono wa kushoto, mdogo wangu akibonyeza vitufe, na walikuwa wakigombana kuhusu nguzo. Paa lilikuwa zuri kuliko lile langu. Niliona wivu kidogo, na niliwaacha.

Mkono wa kuume haukurudi. Tuliusubiri mwaka mzima, tukaacha kuusubiri. Papa sasa anatembea na fimbo mpaka getini na kurudi, anaongea polepole lakini anaongea, na jirani bado anakuja asubuhi. Mimi bado nasimama mlangoni pa depo.

Jumapili iliyopita papa alitaka tutengeneze chombo cha makasia na tanga, tuende tukaone ng'ambo ya yale maji kuna nini. Papa hajawahi kuona bahari. Nilimwambia siyo leo, papa, leo sina nguvu. Akasema haidhuru. Tukaacha mchezo wazi, mtu wetu amekaa mbele ya moto, na upepo ukawa unavuma kutoka kwenye kompyuta. Nilipotupa macho pembeni, papa alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Nikavua viatu, nikasogeza kiti changu karibu na chake, nikafumba macho na mimi.