Aliyemwosha Jannat

Mwanaesha wa Kibokoni hakuzaliwa katika nyumba ya waosha maiti. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Maimuna, jirani yao ukuta kwa ukuta, naye alitaka kumrithisha bintiye Jannat. Jannat akakataa katakata, maiti akiwaogopa. Basi Bi Maimuna akamshika mkono Mwanaesha, mtoto wa jirani.

"Atakayekuja kuitaka, mpe," alimwambia. "Usiifungie kifuani."

Miaka nenda miaka rudi Mwanaesha akiitwa kuosha mitaa ya Kuze, Makadara, hata Mbaraki, wala hakupokea malipo. Paa la nyumba yake lilipoungua, ni watu wa mitaa hiyo waliomwezekea. Jannat alibaki rafikiye wa kufa na kuzikana, ila jambo la kuosha hawakuligusa walipokaa ukumbini.

Mwaka jana Jannat akafa kwa ugonjwa wa sukari. Wakati huo kiharusi kilikuwa kimeuacha mkono wa kuume wa Mwanaesha hauna nguvu. Alikwenda hivyo hivyo. Akakuta maji yametiwa majani ya mkunazi, na Yumna, binti wa marehemu, amesimama mlangoni hataki kuingia.

"Ingia, mwanangu."

"Naogopa, mama."

"Hata mamako aliogopa. Mimi nimebaki na mkono mmoja. Nipe wako."

Yumna akaingia. Mwanaesha alimwonyesha namna ya kuinua kichwa, kuanza upande wa kuume, kumwaga maji taratibu chini ya nguo bila ya kumfunua. Begani mwa mamake, Yumna alihisi kovu asilolijua. Akataka kuuliza.

"Ya humu yabaki humu. Ndivyo alivyonifunza bibi yako."

"Bibi yangu?"

"Ndiye. Kazi hii ni ya kwenu, mimi niliwekeshwa tu."

Yumna alilia, lakini aliendelea mpaka kafuri na sanda. Kisha wanaume wakaja na jeneza.

Arubaini haijesha, kukawa na msiba Mbaraki. Mwanaesha akamwita Yumna, naye akauliza kama watakwenda pamoja.

"La. Leo miguu yauma. Nenda na jirani yetu Aida, akushikie maji."

Yumna alirudi alasiri amechoka, mkononi ana bakuli la wali. Wenye msiba hawakukubali atoke mikono mitupu. Mwanaesha akatandika mkeka. Wakala sinia moja, na Yumna akalala papo hapo hadi magharibi.