Vibuyu Vitano na Sweta ya Shangazi

Nilikuwa seremala Kitale, na kama kuna kitu kilichonitia kiburi ujanani ni mtumbwi wangu wa fremu za mbao na turubai lililopakwa lami. Niliuiga ule wa mzungu mmoja niliowahi kuukarabati. Ulikuwa wa mtu mmoja, mwembamba, mwepesi hata niliubeba begani nikipiga mluzi. Kuogelea sikujua. Hilo sikumwambia mtu.

Mvua ikabomoa daraja la mto Kuywa wiki ileile niliyotakiwa kwa wazazi wa mchumba wangu, ng'ambo, upande wa Kanduyi. Nilishaahirisha mara mbili. Baba yake akatuma neno: nisipofika Jumamosi, atampokea mfanyabiashara wa tumbaku wa Malakisi, mwenye baiskeli mbili. Mbili! Mtu ana makalio mangapi?

Potelea mbali, nikasema, nitapita na mtumbwi. Binamu yangu, aliyekuwa askari Burma, akajiteua mkuu wa mavazi. Tukaenda kujaribu kwenye bwawa la ng'ombe, na shangazi yetu akatufuata ili acheke.

"Baridi ya maji ya Elgon si mchezo, bana," binamu alisema, akinivisha kabuti lake la jeshi. "Hii imelala na mimi kwa matope."

Kabuti lilikunywa maji, likanishusha mpaka chini. Wakanitoa kwa kamba ya ndama. Tukafunga madebe mawili matupu mgongoni. Yalielea vizuri ajabu, ila yalinigeuza kifudifudi, nikabaki nikitazamana na vyura.

"Nyinyi wanaume!" shangazi alifoka. "Si muweke kitu kifuani, ndio uso ukae juu?"

Akaleta vibuyu vyake vitano vya maziwa. Vitatu kifuani, viwili kwapani, midomo ikazibwa kwa nta kwa sababu vizibo vya nyasi huvuja. Nikaelea chali, nikapiga vigelegele kama bibi harusi. "Ukivunja hata moja," alisema, "usirudi hapa."

Ikabaki baridi. Shati la pamba liliponilowa, meno yaligongana hadi nikajing'ata ulimi. Binamu akakumbuka kwamba vitani sufu ilitia joto hata ikiwa imelowa. Sufu pekee iliyonitosha ilikuwa sweta ya shangazi, ya manjano, yenye maua mfukoni, iliyofumwa na akina mama wa kanisa. Nikapakwa mafuta ya ng'ombe mwili mzima, nikaivaa bila shati. Suti yangu tukaifungia kwenye debe, tukalifunga mtumbwini.

Jumamosi lori la mbao liliniacha pale daraja lilipovunjika. Nilipiga kasia mara tatu tu, mto ukachukua usukani. Nilipiga kelele, na hazikuwa za hofu! Nilirushwa, nikazungushwa, nikapita kati ya mawe nikicheka peke yangu. Jiwe la nne likaupindua mtumbwi, ukaenda zake na suti yangu. Mimi nikaibuka chali, miguu imekufa ganzi, kifua kina joto la mtu aliyetoka jikoni, nikashika mzizi ukingoni.

Wanawake walikuwa wakiteka maji hapo. Mmoja wao, mchumba wangu, akapiga ukunga: "Mama, ni yeye! Ni ule wa Kitale!"

Mama! Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Nami nimesimamishwa mbele yake na maji, nina kaptura, maua na vibuyu. Kichaka hakikuwepo. Nikageuza uso na kuuachia mzizi, kwa heshima.

Maji yakanivuta. Nikasikia mtu akiingia mtoni kwa kishindo. Alikuwa mama mkwe, uso kaugeuzia migombani, mkono kaunyoosha nyuma.

"Shika mukono! Unataka kufa na heshima yako?"

Nikaushika. Alinivuta mpaka nchi kavu, kisha akaketi akinipa mgongo, akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

Jioni ile wazee walinikubali nikiwa ndani ya koti la baba mkwe. Binti yake nimeishi naye raha na karaha. Mama mkwe hakunipa mkono tena mpaka tulipomzika, nami sikuuomba. Ulikuwa mkono mgumu, wenye sugu za jembe, na ulikuwa na joto kuliko kitu chochote nilichovaa siku ile.