Siku Kumi Bila Sabuni

Naitwa Branice Nasimiyu, nauza mitumba soko la Voi, na kabla sijasema lolote niseme hili: wifi yangu Mable nampenda. Nampenda, lakini zile wiki mbili alinimaliza. Kama umewahi kumwomba mtu mzima akae tu, akae kitako, asiguse kitu, na mtu huyo akashindwa, basi wewe utanielewa.

Mable ni dada wa mume wangu Titus. Wao ni Wataita wa Wundanyi, mimi ni wa Bungoma, ila Voi ndiyo nyumbani kwetu sote sasa. Alienda Jeddah kufanya kazi za nyumbani wakati binti yake Abby ana miaka mitano, akatuachia sisi tumlee. Amerudi mtoto ana kumi na minne na amempita kwa urefu. Wiki ya kwanza Abby alikuwa akimwamkia mamake kama anavyomwamkia mwalimu wa zamu.

Miaka tisa yote Mable hakujionyesha kwa lolote. Alituma karo, akatuma ya chakula, iliyobaki akaiweka benki hapa Voi, kwenye akaunti aliyoifungua kabla hajaondoka. Ilifika laki sita na kitu. Na alijua anazitakia nini. Kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau, Mzee Mulinge alikuwa anauza kisiagi chake, mashine ya kusaga unga pamoja na kibanda, kwa laki nne na nusu.

"Nikipata kile kisiagi, wifi, siendi popote tena," aliniambia. "Nikikosa, narudi Jeddah. Nikikaa hapa bila kazi nitazila hizi pesa mpaka ziishe, halafu niende nikiwa nimezeeka."

Hakuwa anatishia. Agenti aliyempeleka mara ya kwanza alikuwa ameshaanza kumpigia, eti kuna watu wanatafuta mtu mzoefu.

Mzee Mulinge naye hakutuficha kitu. Alikuwa anahamia kwa watoto wake Makindu, lori la kumhamisha lilikuwa limeshalipiwa, na kulikuwa na mtu wa Mwatate aliyeshika pesa mkononi. "Nakungoja mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana," akamwambia Mable. "Ikipita hapo nampa yeye, na usinilaumu mwanangu."

Basi, tuna siku kumi na moja, na pesa ziko benki, dakika kumi kwa miguu kutoka sokoni. Nikasema hili ni jambo la asubuhi moja. Mimi na akili zangu!

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, nikafunga kibanda, tukaenda. Akatuhudumia kijana mpole, jina lake Hillary limeandikwa kifuani. Mable akatoa kadi ya ATM. Ilikuwa imeisha muda miaka sita iliyopita. Haya, tutumie simu. Laini ya simu aliyoiandikisha benki aliiacha kwenye droo siku ya kuondoka, haikuwekwa hata shilingi, na kampuni ikaichukua ikampa mtu mwingine. Tulipoipiga akapokea bwana mmoja wa Taveta, muuza ndizi.

"Ai! Kumbe ni nyinyi?" akasema. "Miaka mitano napata ujumbe wa benki kwamba nimewekewa pesa. Nimekwenda kuuliza mara mbili, nimefukuzwa."

Nilitaka kucheka nikakumbuka nimekasirika.

Hillary akasema basi atie sahihi, walinganishe na ile ya faili. Sahihi ya faili ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na sita, M kubwa yenye mkia na mistari miwili chini yake. Jeddah kwa miaka tisa Mable hakuwahi kutia sahihi. Mkataba, kliniki, mshahara, kila kitu alibonyeza dole gumba kwenye wino. Akajaribu, ikatoka kama ya mtoto wa nasari. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Mara ya tatu kalamu ikamponyoka.

"Msiwe na wasiwasi," Hillary akasema. "Ulipofungua akaunti tulichukua alama za vidole vyote kumi. Hizo hazibadiliki."

Akaleta kile kimashine chenye kioo. Mable akaweka dole gumba la kulia. Taa nyekundu. La kushoto, nyekundu. Vyote kumi, kimoja kimoja, watu wamejaa nyuma yetu wanakohoa kohoa, nyekundu mpaka cha mwisho. Hillary akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Vidole vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Dada, huko ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Usafi," Mable akasema. "Vyoo, sakafu, nguo."

"Na dawa ya kung'arisha?"

"Kila siku."

Akatueleza vizuri, simlaumu. Alama zinalika kwa dawa na kusugua, lakini ngozi ikipumzishwa zinarudi. Siku kumi asiguse sabuni, asiguse dawa, asishike jembe wala kusugua kitu, ajipake mafuta asubuhi na jioni, yale ya kukamulia ng'ombe ni mazuri. Aje Ijumaa ile ya wiki ijayo asubuhi. Kitambulisho cha zamani pekee hakitoshi, kwa hiyo njia nyingine ni kiapo cha wakili, barua ya chifu na kitambulisho kipya, vyote viende Nairobi. Wiki sita, pengine nane.

"Sikiliza," nikamwambia Mable tukitoka. "Umeandikiwa kukaa! Wanawake wangapi Kenya hii wanaandikiwa dawa kama hiyo? Ningepewa mimi!"

Akacheka, akasema sawa. Nikanunua mafuta njiani nikarudi kuuza nguo zangu.

Jumanne jioni narudi, nakuta sufuria zote zimepangwa juani zinang'aa mpaka unajiona uso.

"Mable! Tulikubaliana nini?"

"Sikutumia sabuni, wifi. Nimetumia jivu."

Jivu! Heh! Anasugua sufuria kwa jivu mtu aliyeambiwa asisugue. Nikamwuliza kama anadhani ngozi inajua kusoma maandishi ya pakiti. Jumatano akajinunulia glavu, moja ikawa imepasuka kidoleni, maji yakaingia, na yeye akaendelea tu kwa sababu "nilikuwa nakaribia kumaliza". Alhamisi nikamkuta amepiga magoti anapangusa sakafu ambayo nilikuwa nimeipangusa mimi kabla ya kutoka.

"Hujaridhika na sakafu yangu?"

"Si hivyo, wifi."

"Basi ni nini? Niambie mimi nielewe! Nani amekutuma?"

"Nikikaa," akasema, "naona ni kama kuna mtu atatokea mlangoni aniulize mbona nimekaa."

Nilimtengenezea chai. Lakini hasira haikuniisha, maana huruma haisomwi na kimashine cha benki.

Kufua ndiko kulikonishinda kabisa. Abby anasoma shule ya kutwa na Voi hii vumbi lake ni jekundu, sare ya asubuhi si sare ya jioni. Nikamwambia Abby afue mwenyewe, ana mikono. Akafua siku moja. Siku ya pili alipotoka shule alikuta mamake ameshafua, ameanika, na soksi amezipanga mbili mbili kwenye kamba.

"Miaka tisa sijamfulia mtoto wangu hata leso," Mable akaniambia, macho yamemjaa machozi. "Uniache."

"Sikuachi! Ukishapata kisiagi utamfulia mpaka aolewe!"

Nilimfokea mpaka jirani akachungulia dirishani. Kisha nikaenda kuanua, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya, nikakuta na nguo zangu zimo. Beseni likishakuwa na maji, nani atafua sare peke yake? Leso zangu, aproni ya sokoni, ile sketi yenye doa la mafuta ambayo nilikuwa nimeikatia tamaa. Zilikuwa safi jamani. Nikazikunja nikaziweka.

Jumamosi ndiyo yakaja makubwa. Shangazi yao alikuwa amefariki, mazishi Wundanyi. Tukapanda milimani wote, Titus akapata ruhusa kazini kwake reli akatukuta huko. Mnajua matanga yalivyo. Ukiwa mwanamke wa boma hukai kwenye viti pamoja na wageni. Unaingia nyuma kwenye moshi, unapika, na watu wakishakula unaosha vyombo. Na kama umetoka ng'ambo ndiyo unaangaliwa kabisa, wanasubiri waone umerudi na mikono gani.

Nilijiandaa. Tulipofika nyuma nikatangaza kwa sauti, "Mable haoshi leo! Ana mambo ya benki na vidole vyake!"

Lo! Nilichokoza nyuki. Mmoja akasema kumbe Uarabuni watu hutawazwa umalkia. Mwingine akasema shangazi alimbeba huyu mgongoni, leo sahani za matanga yake zinamchafua. Nikajaribu kueleza, mashine, kioo, taa nyekundu, nikaona wananitazama kama mlevi. Na mimi ni mke wa kuja, tena wa Bungoma, nitashindana na nani kule? Mable alikuwa ameinama. Akaondoa saa mkononi, akakunja mikono ya gauni, akaosha sahani za watu mia mbili.

Kurudi chini sikumsemesha mpaka Mwatate. Hapo nikamwambia, "Umeziosha laki nne na nusu, hongera."

"Alikuwa shangazi yangu, Branice."

Aliponiita jina langu badala ya wifi nikajua nimevuka mpaka. Nikamwomba radhi, na bado nilikuwa nimekasirika.

Wiki ile nyingine nilikuwa askari. Nilificha sabuni ya kipande kwenye gunia la mitumba, nikabeba ya unga kwenye mkoba hadi sokoni. Wateja walikuwa wanaona natoa chenji kwenye mkoba unaonuka sabuni. Jumatatu akakaa. Jumanne akakaa, akajipaka mafuta, akafumua na kusuka nywele za Abby, na mtoto akamwegemea magotini akamsimulia habari za shule mpaka giza likaingia. Jumatano tukaangalia kidole gumba mlangoni kwenye mwanga, sisi watatu vichwa pamoja, na haki ya Mungu tukaona mistari. Myembamba, lakini mistari. Abby akapiga makofi. Mable akampigia Mzee Mulinge kumwambia tunakuja, na mzee akamwambia hata mshipi wa mashine ameshabadilisha, atamkabidhi mpya.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya Hillary. Akapangusa kioo kwa leso yake mwenyewe. Mable akaweka dole gumba.

Nyekundu.

Akaweka tena. Akaweka la kushoto. Akaweka vyote. Hillary akawa anajaribu kila kidole mara mbili, mara tatu, anakisukuma taratibu, jasho linamtoka kuliko sisi. Mwishowe akaugeuza mkono kwenye mwanga kama siku ile.

"Dada," akasema kwa upole, "hii ni dawa ya kung'arisha nguo. Tena si ya zamani, ni ya jana au juzi. Si nilisema? Ulikuwa unafua za nani?"

Mimi nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe. Alhamisi asubuhi niliitoa kabatini nikaiangalia, kola imekuwa ya manjano, nikasema hii siwezi kuingia nayo benki. Nikaiacha juu ya kiti. Sikumwambia aifue. Niliiacha kwenye kiti, nikaenda zangu sokoni na sabuni kwenye mkoba, na jioni nikaikuta imeanikwa, nyeupe pe, kachupa ka dawa kamenunuliwa dukani. Siku hiyo sikufoka. Niliipiga pasi.

"Ni ukaidi wangu tu," Mable akamwambia Hillary. "Wifi amenikataza kila siku."

Na mimi, ambaye soko zima la Voi linaogopa mdomo wangu, nilisimama pale na kola yangu safi. Hillary akatoa fomu za ile njia ndefu, ya Nairobi, akaanza kutuonyesha mahali pa kujaza.

Saa sita na dakika tano Mzee Mulinge akapiga. Mtu wa Mwatate alikuwa amesimama karibu naye, tulimsikia akihesabu. Mzee akasema, "Nimengoja, mwanangu," na Mable akasema, "Najua, mzee, safari njema."

Tulipotoka nje nikamshika mkono, nikamwambia ni mimi, ile blauzi ni yangu, niliiacha nikijua. Nilisema yote pale barabarani huku nalia kwa hasira, na hasira yenyewe sasa sikuwa na wa kumpa. Mable akanifuta uso kwa leso, akaniambia ninyamaze, watu wanatuangalia. Kisha akampigia agenti. Waliongea kidogo tu, alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, mwezi ujao ndiyo.

Alipokata akaniona bado nalia.

"Usilie hivyo, wifi," akasema. "Safari hii ni nyumba ya watu sita tu. Na amesema wana mashine ya kufulia."