Figili za sokoni katika shamba la marehemu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Yasuharu Shinozuka amechuchumaa kando ya tuta la komatsuna, mboga ya majani ya Kijapani, kisu mkononi, pua ikimchuruzika kwa baridi ya Desemba. Kushoto kwake kuna jengo la ghorofa saba, kulia jengo la ghorofa tisa. Anakata mboga, anakung'uta udongo, anafunga fungu kwa ugwe. Mafungu yakifika hamsini atayapeleka kwenye kibanda kisicho na muuzaji, nje ya geti, ambako wateja hujichukulia wenyewe na kutumbukiza yeni mia moja na hamsini ndani ya kopo.

"Watu wa hapa Nerima wananiita bwana ardhi," anasema bila kuinua kichwa. "Jana tu jamaa mmoja kaniambia, 'Wewe Shinozuka, nusu ekari ndani ya Tokyo, si uuze ukale bata?' Nikacheka. Nimwambie nini?"

Hawezi kuuza. Ana miaka hamsini na tisa, na akiacha kulima hata kesho, kodi ya mirathi ya baba yake itabisha hodi na riba yake juu.

Baba huyo, Kiyozo, alifariki miaka kumi iliyopita. Aliacha nyumba ya mbao, akiba kidogo benki, na shamba hili. Yasuharu alikuwa mtoto wa pekee na kazi yake ilikuwa kuuza mashine za kunakili karatasi. Majivu ya mzee yakiwa hayajazikwa, mhasibu wa kodi alishakaa sebuleni akimweleza kwamba ana miezi kumi ya kuorodhesha kila alichoacha marehemu na kulipa kwa fedha taslimu. Shamba lingethaminiwa kwa bei ya viwanja vya jirani, vile vyenye maghorofa. Kodi ilikuja kama yeni milioni tisini. Mboga zilikuwa zikiingiza milioni mbili kwa mwaka.

Sheria inamwachia mkulima mlango mmoja. Mrithi akiahidi kulima mwenyewe, sehemu kubwa ya kodi husubiri, na akifa jembe likiwa bado mkononi, hufutwa. Akiacha njiani, anadaiwa yote, na riba ya tangu siku ile ya kwanza. Kila baada ya miaka mitatu lazima apeleke cheti cha kamati ya kilimo kuonyesha kwamba shamba linalimwa kweli.

"Nikaahidi," anasema Yasuharu. "Nilidhani kulima ni kazi ya Jumapili."

Mkewe, Mitsuyo, anayeleta chai na maandazi ya mchele, anadakia: "Na Jumapili zenyewe alikuwa analala."

"Mitsuyo, kuna mgeni."

"Ndiyo maana nasema. Ungekuwa peke yako ungebisha."

Mambo yalimfika shingoni mwaka wa tatu. Barua ya kamati ilisema mjumbe angekuja Jumatatu ya kwanza ya Desemba. Shamba lilikuwa limejaa magugu ya kufika magotini. Hapo ndipo alipopaswa kumpigia mtu simu na kusema ukweli. Hakumpigia mtu. Jumamosi na Jumapili alifyeka na kupiga matuta, na alfajiri ya Jumatatu akaenda soko la jumla akanunua figili arobaini zenye majani yake. Alizirudisha ardhini moja moja, akazididimiza mpaka yakabaki majani tu.

"Mimi nilimwambia, baba watoto, hii ni aibu," anasema Mitsuyo. Kisha anaongeza, polepole zaidi: "Lakini mashimo nilimchimbia mimi."

Mjumbe aliyekuja alikuwa mzee Senjiro Aihara, mkulima wa mitaa mitatu kutoka hapo, rafiki wa marehemu tangu shule. Alikuwa na miaka themanini. Alipoyaona yale majani alifurahi kweli, na furaha ile ndiyo inayomuuma Yasuharu hadi leo.

"Akaniambia, 'Yasu, mwanangu, umepanda figili za baba yako?' Nikamwambia ndiyo. Nilimtazama usoni nikamwambia ndiyo."

Figili za Kiyozo zilikuwa zile ndefu za zamani, nene katikati, zinazopita goti zikisimamishwa kando ya mtu na kung'ang'ania ardhi utadhani zimeshikwa kwa chini. Mvutaji hutanua miguu na kuvuta kwa mwili mzima. Mzee Aihara akatanua miguu, akashika majani kwa mikono miwili, akavuta hivyo.

Ikatoka bila ubishi. Mzee akaenda kinyumenyume na kukaa chini kwenye matope kwa kishindo, mikononi ana figili fupi ya sokoni, nyeupe, iliyooshwa, isiyo na hata uzi wa mzizi.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Yasuharu. "Nikamuuliza, mzee, umeumia? Akasema hajaumia. Akawa anaiangalia tu ile figili."

Kifuko cha muhuri wa mzee kilikuwa kimeanguka kutoka kotini na kulala katikati yao. Bila muhuri ule hakuna cheti. Mzee alikiokota, akakifuta, akakirudisha mfukoni.

"Muhuri nimeusahau nyumbani," alisema. "Komatsuna ukiipanda wiki hii, ukaifunika vizuri, mwisho wa Februari inakatika. Nitarudi mwisho wa Februari."

Akaondoka na ile figili kwapani, ndani ya koti, mtu asiione.

Yasuharu alipanda siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata aliacha kazi ya mashine. Mwisho wa Februari mzee alirudi, akakata shina moja, akalitafuna, akapiga muhuri. Ila alirudi na fimbo. Mfupa wa nyonga ulikuwa umepata ufa, na hajatembea bila fimbo tangu hapo. Ujumbe wa kamati ameuacha. Mtaani akiulizwa, husema aliteleza shambani kwake mwenyewe.

"Nilikuwepo siku moja akiulizwa," anasema Yasuharu. "Barazani kwa daktari wa meno. Akadanganya mbele yangu, kwa ajili yangu, halafu akanisalimia. Nami nikaitikia tu, nikafungua gazeti."

Miaka sita na ushee imepita hivyo. Mama Aihara, mke wa mzee, huja kununua mboga kila Alhamisi, na kila Alhamisi Yasuharu hujificha nyuma ya kibanda cha majembe, mtu mzima mwenye mvi. Agosti iliyopita mama huyo aliacha ndani ya kopo la pesa pakiti ndogo ya mbegu na kikaratasi: Mzee anasema zimebaki.

Zilikuwa mbegu za figili ndefu.

Amezipanda kwenye tuta la mwisho, karibu na ukuta. Zimeshakomaa wiki mbili sasa, na hajavuta hata moja. Anaonyesha kwa kidole tu, hasogei.

Mwanzoni mwa mazungumzo alikuwa ameomba jina lake lisitajwe, aandikwe "mkulima mmoja." Sasa anauliza gazeti linatoka lini. Anaambiwa keshokutwa, Jumapili.

"Mzee Aihara hulisoma lote, hata matangazo ya vifo," anasema. "Andika jina langu lote. Nitakwenda kwake kesho asubuhi. Sitaki asome habari hii gazetini kabla hajaisikia kwangu."

"Utasema nini?" anauliza Mitsuyo.

"Nitasema ni mimi niliyemwangusha. Mengine sijui."

"Nitakuja na wewe. Na mimi nilichimba."

Yasuharu anavua glavu, anakwenda kwenye tuta la mwisho na kutanua miguu. Mvuto wa kwanza, figili haitikisiki. Wa pili, anaguna, uso unamwiva. Wa tatu inatoka, ndefu, imepinda kidogo, imebeba udongo mweusi na mizizi yake yote. Anaishikilia kwa mikono miwili huku akihema.

Mitsuyo ameshafika na ndoo ya maji, kama afanyavyo kwa kila mboga inayotoka getini.

"Usiioshe," anasema Yasuharu.