Kupe wa Kalunguyeye

Kosa langu la kwanza lilikuwa kummwagia kalunguyeye dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilimpata nyuma ya duka langu la dawa za mifugo hapa Malaba, amejikunja kama mpira wa miiba, amejaa kupe, nami nikataka asibaki hata mmoja. Sikusomea kazi hii, nilijifundisha kwa simu. Dawa ilimzidi, akafa mikononi mwangu. Nikamzika, sikumwambia mtu. Yaliyofuata utayakataa, lakini mimi ndiye yaliyonipata.

Wiki mbili baadaye, saa saba mchana, malori yamejipanga mpakani hadi mbali, aliingia mama mfupi, amejifunika leso mpaka kidevuni, anakohoa. Alipoifungua, nilitaka kukimbia. Masikio yalikuwa na magamba meupe ya utitiri, na shingoni kupe wamevimba kama maharagwe.

"Mama, nenda hospitali."

"Watanifukuza, boss. Hawa wananimaliza damu, na nina wanne wananyonya. Nikianguka leo, na wao wamekwisha."

Nikageukia rafu. Kabla sijagusa chupa akasema, "Si hiyo ya kumwaga. Unataka kunizika na mimi?"

Jamani, nani alimwambia? Lakini ungekuwa wewe, ungemfukuza? Nilichukua kibano, nikawang'oa mmoja mmoja, karibu kabisa na ngozi, nikiwatumbukiza kwenye spiriti. Kila mmoja nilimkagua mara mbili kama kichwa hakijabaki ndani.

"Wewe nawe!" akacheka. "Mimi si shati unapiga pasi."

Nywele za kisogoni mwake zilinichoma vidole. Alipotoka nilimfuata mlangoni, hayupo. Mama Atyang, jirani anayeuza ndizi, alikuwa hoi kwa kicheko.

"Daktari wa simu, siku hizi unatibu hadi kalunguyeye? Mmoja ametoka kwako sasa hivi, mchana peupe!"

Siku chache baadaye choa kilinitokea mkononi, duara jekundu linalowasha vibaya. Daktari aliniuliza kama nimeshika kalunguyeye, maana hubeba ukungu wa namna hiyo. Kimepona, ila alama ipo hadi leo. Natumaini wale wanne walinyonya.

Basi nakuonya: kalunguyeye akitembea juani, huyo mara nyingi ni mgonjwa. Usimshike kwa mkono mtupu, na usimcheke.

Mimi siku hizi, nikiletewa mnyama nisiyemjua, nasema sijui, kisha nampigia daktari wa mifugo.